Nasadiki Niliyoificha

Monika tulimzika Lugoba mwezi uliopita, jua la saa saba likiwa utosini, na pale kaburini wakasali Nasadiki, ile sala ya imani. Vijana waliisoma kwenye vikaratasi. Mimi sikuhitaji karatasi. Nilisimama na mkongojo wangu nikaisema yote kwa sauti, mpaka mjukuu wangu akanivuta kanga akaninong'oneza, "Bibi, taratibu, unawatangulia." Nikamwambia aniache. Maneno yale mimi na yule aliyelala pale chini tuliyapata kwa jasho, tena jasho lenyewe la kutwanga makopa ya muhogo. Na katika watu wote waliokuwa wakijipepea pale, hakuna aliyejua kwamba kuna miezi niliyoyajua maneno hayo nikajifanya siyajui. Basi nimeona niandike. Nilisoma madarasa mawili tu, mkono wangu ni mzito, na anayetaka maneno ya kupendeza akatafute kwingine. Ukoo wangu sitaueleza hapa. Inatosha kujua kwamba mama alikuwa amekufa, na kwetu Wakwere mtoto ni wa mjomba.

Nilikuwa na miaka kama kumi na sita, na jina langu lilikuwa Tatu. Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili ya Wazungu, sukari haionekani na kaniki inagombewa. Mjomba wangu Paulo, aliyekuwa amebatizwa zamani, alinichukua asubuhi moja baada ya Noeli akanipeleka kwenye misheni ndogo, mwendo wa nusu siku kutoka Bagamoyo mjini, upande wa Kiwangwa. Jina la misheni nitaliacha. Njiani hakuniambia kitu. Tulipofika langoni ndipo akasema, "Tatu, umeposwa. Mwenzio ni Bartolomeo, fundi seremala wa hapa. Mkristo haoi mtu asiyebatizwa, kwa hiyo utakaa kwa masista mpaka uijue dini." Nikamuuliza, "Nikishaijua?" "Ukishaijua unabatizwa, na wiki hiyohiyo unaolewa." Akagonga lango. Hakuniuliza kama nimekubali, nami sikujua kwamba kuna kuulizwa.

Waliiita nyumba ya wachumba, maana sote mle ndani tulikuwa wachumba wa watu. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja, kirefu, kimepakwa chokaa, na madirisha yake mawili yako juu kiasi kwamba unaona matawi ya mikorosho lakini njia huioni. Mikeka kumi na moja, imepangwa kama samaki kwenye uchaga. Ukiamka unageuka upande mmoja unaona mgongo wa mwenzio, ukigeuka upande wa pili unaona mgongo wa mwingine. Nje palikuwa na ua wa mkonge uliopandwa ukashonana, na lango moja, na ufunguo wa lango ulining'inia kiunoni mwa Sista Gaudensia. Sista huyo alikuwa Mluguru, mfupi, mikono kama ya mkulima wa mlimani. Hakuwa mkali. Alituchana nywele, alitukanda miguu tukipata homa, na aliyelia usiku asubuhi aliongezewa uji. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mlinzi mkali unaweza kumchukia ukapumua. Huyu ukimwangalia unaona haya kutaka kutoroka.

Asubuhi tulikunywa uji wa mtama usio na sukari, mchana ugali wa muhogo na kunde, Jumapili kipande cha papa kwenye nazi. Kengele ilitwambia tuamke, kengele ilitwambia tule, kengele ikatwambia tunyamaze. Alasiri Padre alikuja na fimbo yake akakaa kizingitini akatufundisha. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu zilizoingia rangi ya tumbaku, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Mjomba. Alitwambia mambo ya imani ni kumi na mawili, kila Mtume na lake, nayo yote yamo ndani ya Nasadiki. Kwamba kuna Mungu mmoja aliyeumba vyote. Kwamba ana Mwana. Kwamba Mwana alizaliwa na Bikira, akateswa, akafa, akashuka kuzimu, akafufuka. Na mengine mpaka uzima wa milele. Mara tatu kwa mwaka alikuwa na mtihani: kabla ya Pasaka, kabla ya Kupalizwa Bikira Maria, na kabla ya Noeli. Unasimama peke yako mbele yake. Ukikosa hata jambo moja kati ya yale kumi na mawili, unangoja mtihani mwingine. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na hakuna aliyeuonea ubaya. Hata mimi leo siuonei. Lakini mtu akifungiwa na maneno kumi na mawili, mwisho atayapapasa moja moja kama anayetafuta mlango gizani.

Bartolomeo alikuja kila Jumapili baada ya Misa. Alisimama nje ya dirisha dogo la sebuleni, lenye nondo za mbao alizozichonga mwenyewe, mimi nikakaa ndani, na Sista akakaa kati yetu na rozari yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, amefiwa na mke, ana watoto watatu, na kazi yake kubwa misheni ilikuwa madirisha na majeneza. Aliniangalia kama anayepima ubao. "Hujambo, Tatu?" "Sijambo. Shikamoo." "Marahaba. Unasoma?" "Nasoma." "Soma haraka, watoto wanataka mtu wa kuwapikia." Kisha tunanyamaza wote watatu, zinapita salamu za rozari kama ishirini. Siku moja alisema, kwa upole kabisa, "Marehemu mke wangu hakuwa na maneno mengi. Nimefurahi kuona nawe ni hivyo." Nilihisi kama ananipimia jeneza. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke, maana wajukuu zangu wakisikia habari za uchumba ule humtafutia pembe na mkia. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Nilikuwa simtaki, basi.

Mtihani wa Pasaka nilishindwa kweli. Niliingia nikasema, nikafika kwenye ushirika wa watakatifu ulimi ukakwama. Nilitoka nalia. Jumapili ile ile, nikiwa nimekaa sebuleni, nikasikia Sista anamwambia Bartolomeo dirishani, "Ameshindwa, Bwana Bartolomeo. Mpaka Kupalizwa." Bartolomeo akakuna kichwa. "Hakuna njia nyingine?" "Njia gani? Imani haikopeshwi." Naye akaenda zake. Nilimwangalia mgongo wake mpaka akapotelea kwenye karakana, na machozi yangu yakakauka palepale. Nilikuwa nimeona kitu. Kumbe kutojua kunanilinda. Kumbe nikikosa neno moja tu, hakuna Mjomba wala seremala anayeweza kunifikia.

Tangu siku ile nilisoma kwa bidii kuliko wote, ili nijue vizuri pa kukosea. Mtu asiyejua hukosea ovyo, akabahatisha. Mimi nilitaka kosa langu liwe moja, tena kila mara lilelile, la mtu mwenye kichwa kigumu. Nikachagua jambo la kumi, maondoleo ya dhambi. Mwezi wa nane nilisimama mbele ya Padre nikasema yote vizuri, nilipofika kwenye la kumi nikaangalia miguu yangu. "Maondoleo ya nini, mwanangu?" "Sijui, Padre." "Ya dhambi." "Ndiyo, Padre." Akaandika. Nikarudi kwenye mkeka wangu. Wenzangu watano walibatizwa, wakavikwa nyeupe, wakatoka langoni wakipigiwa vigelegele. Mimi niliwaangalia kutoka ndani ya mkonge. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa miezi minne mingine ya uji usio na sukari. Nilikuwa nimejifungia nami ufunguo nimeumeza. Na niwaambie jambo: ukilitamka neno la Mungu kila siku huku unamdanganya anayekufundisha, halikuachi salama. Nilikuwa nikiokota kuni najikuta natembea na jambo la kumi kinywani kama kokwa la embe. Dhambi yangu ilikuwa palepale, na jina lake lilikuwa palepale, nami kazi yangu ikawa kujifanya silijui.

Monika wakati huo alikuwa Chausiku, binti wa Kiwangwa, mcheshi, mwenye pengo mbele. Yeye alimtaka mchumba wake, kijana wa Lugoba, mpaka aliliota jina lake kwa sauti. Lakini alikuwa ameshindwa Pasaka, akashindwa Kupalizwa, maana kichwa chake kilikuwa hakishiki. "Nikishindwa Noeli atachoka kuningoja," aliniambia. Basi nikamfundisha pale tulipokuwa wawili tu, kwenye kinu nyuma ya jiko. Tulitwanga makopa kwa michi miwili: mnakabiliana kwenye kinu kimoja, wako unapanda, wa mwenzio unashuka, ukikosa hatua michi inagongana. Nikapiga mchi nikasema nusu ya jambo, naye akapiga akamaliza. Kichwa chake kilikataa lakini mikono yake ilishika. Ila kila tukifika kwa Pilato alisimamisha mchi.

"Huyu naye wa nini?" alisema. "Watakatifu wote hawatajwi, tunamtaja hakimu mbaya? Mimi simtaji."

"Twanga, Chausiku."

"Sitwangi. Nieleze kwanza."

Nikafikiri. Padre hakuwa ametueleza hilo. Nikamwambia, "Wewe ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige."

"Nzige ni wazuri?"

"Mama yangu! Walimaliza shamba lote."

"Mbona unawataja? Unawataja ili ijulikane kwamba siku hiyo ilikuwapo, na hukuzaliwa kwenye hadithi. Na Pilato ni hivyohivyo. Ni nzige wa mwaka ule."

Chausiku akacheka mpaka pengo likaonekana lote. "Haya, nzige Pilato," akasema, akapiga mchi, na tangu siku hiyo hakumsahau tena. Tukaendelea mbio, makopa yanaruka, mimi naongoza, tukapita kuzimu, tukapita mkono wa kuume wa Baba, la kumi nikalitoa kwa nguvu, tukafika Amina pamoja.

"Chausiku," sauti ya Sista Gaudensia ikatoka dirishani mwa jiko, "nenda kachote maji." Chausiku akaenda. Sista akaniangalia. "Rudia."

"Nirudie nini, Sista?"

"Ulichokuwa unasema."

"Nimesahau."

"Tatu. Nimekaa hapa dirishani tangu Muumba wa mbingu mpaka Amina."

Hakunikaripia. Alinifuta unga usoni kwa kona ya aproni yake, akanipeleka kwa Padre kama anayempeleka mgonjwa. Padre aliniuliza mara tatu kwa nini nilificha. Nami nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba bwana waliyenichagulia, mtu mwema, fundi wao, simtaki? Ninalala kwao, nakula kwao. Padre akatikisa kichwa akatabasamu. "Ni hofu ya bibi harusi," akamwambia Sista. "Nimeiona mara nyingi, huisha yenyewe." Akasema mtihani nimeshaupita kwenye kinu. Nitabatizwa Noeli, nitaolewa siku ya tatu yake, na matangazo ya ndoa yataanza Jumapili inayokuja. Nilirudi jikoni nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale sikuona pa kupita.

Jumapili ya kwanza wakatutangaza. Jumapili ya pili wakatutangaza. Katikati ya juma la tatu akaja Bi Mwanaidi, Mwislamu wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akituletea papa na nguru wa kukausha kutoka Saadani. Alitua kapu mlangoni mwa jiko akanitazama. "Mwali, nasikia mnatangazwa huko kanisani kwenu."

"Ndiyo, Bi Mwanaidi."

"Mbona uso wa matanga?"

Akaanza kupanga papa. "Nyie huko mnaulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Kama unamtaka, mtoto wee! Kwetu mwali huulizwa, akinyamaza basi karidhia. Mwanangu wa pili nilimwambia mapema: wee, kama humtaki piga kelele, maana ukinyamaza umeolewa."

Sista akacheka kutoka ndani. "Bi Mwanaidi, usinijazie mwali wangu maneno."

"Maneno gani, Sista? Mie nauza papa."

Alikwenda zake, mimi nikabaki na kisu mkononi na papa amenilalia magotini. Nilikuwa nimedhani mwaka mzima ninakataa. Kumbe mwaka mzima nilikuwa ninanyamaza. Nilinyamaza langoni kwa Mjomba, nilinyamaza dirishani kwa Bartolomeo, nilinyamaza mbele ya Padre, na kule kukosea kwangu jambo la kumi nako kulikuwa kunyamaza, ila kwa ujanja. Hapo likanijia fundisho la Padre la sakramenti ya ndoa, nililolikariri pamoja na mengine bila kufikiri kwamba linanihusu: ndoa hufungwa na hiari ya wawili, na pasipo hiari hakuna ndoa, hata kengele zipigwe. Tulilisema kwa pamoja, wasichana kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua kichwa.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa, kwa kuwa Noeli ilikuwa karibu. Sisi tusiobatizwa tulikaa nyuma kabisa, upande wa wanawake, karibu na mlango. Padre alimaliza hotuba, akafungua karatasi, akasoma: Bartolomeo, mgane, na Tatu, mkatekumeni, yaani anayengoja ubatizo. Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii na aseme, na anayejua akaficha, dhambi iko juu yake. Kwa desturi hapo Padre hupumua kidogo tu kisha hukunja karatasi. Nilisimama kabla hajaikunja.

"Mimi ninakijua," nikasema.

Watu wote wakageuka. Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Kaa chini wewe, unaota?" Chausiku akanishika kanga, kisha akaiachia.

Padre akakodoa macho. "Ni nani huyo?"

"Mimi Tatu, Padre. Ninajua kizuizi, na umesema nikificha ni dhambi."

"Kizuizi gani?"

"Bibi harusi hataki."

Kuna mzee alicheka, akazimwa na jirani yake. Upande wa wanaume nilimwona Mjomba amefunika uso kwa mikono yote miwili, na Bartolomeo amesimama wima kama nguzo, ameshika kofia. Padre akachukua kalamu akakata mstari kwenye karatasi yake, palepale mimbarini, akasema, "Hakuna ndoa. Tuendelee." Sisi tusiobatizwa tukatoka nje, kama kawaida baada ya hotuba.

Bartolomeo alikuja dirishani mchana kama Jumapili nyingine. Sista safari hii hakuketi, alisimama mlangoni. "Ungeniambia hapa hapa, Tatu," akasema. "Ningeelewa. Hata mimi nilichaguliwa wewe." Akavaa kofia akaondoka. Mpaka leo neno lile linanirudia. Nilikuwa nimejiona peke yangu nyuma ya nondo zile, sikufikiri kwamba aliyesimama upande wa pili naye zinamzuia. Alioa mwaka uliofuata, mjane wa Kiwangwa, na nasikia mama huyo alikuwa na maneno mengi na walipatana sana.

Jioni ile Padre aliniita sebuleni. Lango la ua lilikuwa wazi, na nje ya lango Mjomba alikuwa amechuchumaa ananingoja, hajala tangu asubuhi. "Umenivua nguo mbele ya watu," ndilo neno pekee alilokuwa ameniambia, nami nilijua nikirudi naye nitalima bila kusemeshwa mpaka masika yaishe. Padre alionekana amechoka. "Mjomba wako yuko tayari kukuchukua," akasema. "Nenda, hakuna wa kukuzuia. Ubatizo nao ni kwa hiari, na nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza ulipoingia hapa. Sikukuuliza."

"Niulize sasa, Padre."

Akaniangalia. Akavuta kiti. Akaniuliza jambo la kwanza, kama nalisadiki, si kama nalijua. Nikafikiri, nikasema ndiyo. La pili, ndiyo. Hatukwenda mbio kama kwenye kinu. La kumi nilisema ndiyo, nikamwambia kwamba hilo ndilo nililolificha, na kwamba ninaliomba. Akasema, "Ufufuko wa miili?"

"Hilo nalijua, Padre. Silisadiki."

"Kwa nini?"

"Mama nilimwona akiingizwa. Masika mawili baadaye kaburi likatitia. Udongo ule ninaujua, hauna kitu."

Nilidhani atakasirika. Siku hizi ninalisema kaburini mbele ya watu, na kwa Monika nililisema nalisadiki, lakini siku liliponiingia siwezi kuwaonyesha. Siku ile halikuwa limeniingia. Padre alisugua macho. "Ungesema ndiyo tu, ningekubatiza Noeli pamoja na Chausiku."

"Najua, Padre."

"Basi utangoja Pasaka."

Akatoka kwenda kumwambia Mjomba aende zake nyumbani. Mimi nikavuka ua nikaingia jikoni. Sista Gaudensia alikuwa anapakua kunde.

"Umefaulu?" akauliza bila kugeuka.

"Nimeshindwa."

"Safari hii kweli?"

"Safari hii kweli, Sista."

Akanitazama sana, kisha akaongeza upawa mmoja kwenye sahani yangu. "Haya kanawe," akasema, "chakula kinapoa."